Inachelewa Asubuhi

Daktari aliuliza: ukiamka, vidole vinakakamaa kwa muda gani?
Wengine, alisema, hujibu "mpaka chai", au "mpaka jua".
Nikamjibu: saa moja na dakika arobaini na tatu.
Akainua kalamu.
Mimi ni fundi saa, nikamwambia,
nina meza nje ya duka la vitenge, nyuma ya soko,
mwaka wa ishirini na sita huu,
hata nikilala nasikia sekunde zinatafuna.

Jina la ugonjwa likatoka refu, la Kizungu,
likapinda mwisho wa mstari kwa kukosa nafasi.
Kisha akalishusha chini: baridi yabisi.
Nikacheka. Baridi?
Mimi ni wa Kibosho, daktari,
Julai nimekwenda shule peku,
umande unauma kama siafu.
Akasema, si hiyo.
Yako haikutoka mlimani.
Ni walinzi wa mwili wako mwenyewe,
wamesahau neno la siri,
wanavunja mlango wa nyumba waliyoajiriwa kuilinda.

Nikashuka kutoka KCMC kwa miguu,
maana siku hiyo miguu ilikubali.
Vidonge sita vya njano, Jumatano, na Jumatano tu:
nesi alipiga mstari mara mbili
kama mwalimu asiyetuamini.
Na pombe, basi.
Hata mbege?
Hata mbege.

Desemba ukoo ukapanda nyumbani.
Kata ikazunguka, ikanifikia, nikaipitisha.
Baba mdogo Ndesario akanitazama
kana kwamba nimepitisha jina lake.
Ushauri ukaja kwa debe:
mafuta ya simba, sumu ya nyuki,
hamia Dar, kule kuna joto.
Mmoja akauliza kwa sauti ya chini
ni nani niliyemkosea.
Nikafikiri sana.
Nikakumbuka saa moja ya mwaka tisini na tisa
niliyoirudisha bila skrubu.

Asubuhi Ndeshi hunifunga vifungo.
Hasemi kitu, na mimi sisemi kitu,
redio inasoma bei ya kahawa.
Zamani alianzia juu, nikajiona mtoto.
Sasa anaanzia chini
na kile cha kola ananiachia.
Siku nyingine nakiweza saa tatu,
siku nyingine nafungua meza na shingo wazi.
Hasira yangu yote imehamia pale,
kwenye tundu moja la shati.

Kibano kiliponiponyoka mara ya kwanza
nilimlaumu kijana kwa kutikisa meza.
Mara ya pili hakuwapo.
Sasa Anaeli ndiye anayeshika,
vidole vyake vyembamba, akili yake kwenye simu,
na mimi naiweka saa sikioni, nasema:
gurudumu la tatu, lina uchafu.
Anafungua. Lina uchafu.
Sikio bado halijavimba.

Sitaki kusema nimezoea.
Jana kikombe kilinishinda mbele ya mteja,
chai ikamwagika juu ya kitambaa cheusi
na vijigurudumu vikaogelea humo kama mbegu,
na mteja, mama wa watu, akaangalia pembeni
akausifu mlima, uliokuwa umefunikwa na wingu tangu juzi.

Lakini nina daftari. Upande wa kushoto, saa za watu.
Kulia, tangu Machi, naandika yangu:
saa moja na arobaini na tatu.
Saa moja na arobaini.
Saa mbili kasoro tano (mvua).
Saa moja na ishirini na sita.
Nimempelekea daktari, akasema dawa ni ya polepole,
nikamwambia polepole ninaijua,
nipe namba tu.

Leo kabla ya kufunga nimejaza na risiti, ya mchezo,
Anaeli akisoma juu ya bega langu:
Mwenye mali: mimi.
Aina: ya zamani, ya kutia ufunguo.
Tatizo: inachelewa asubuhi.
Itachukuliwa lini:
hapo kalamu imenichoka mkononi,
nimemwachia, naye ameuliza,
niandike nini, fundi?